Ndoo ya Mshipi Niliyoimwaga

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako siisubiri. Hata ungekuwa hapo kwenye kiti chako cha kamba, mlangoni pa chumba changu cha kushonea, leo ningekusalimia nimeinamia cherehani ili nisikutazame usoni.

Nimetoka mwaloni, kule ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, sasa hivi. Viatu vina magamba ya samaki na mikono sijanawa. Nimewaambia wateja waje kesho, nimefunga mlango, nimechukua daftari la vipimo, na nakuandikia nyuma ya kurasa zenye viuno na mabega ya watu. Karatasi nyingine sina. Nataka nimalize kabla ujasiri haujaniisha, maana huu nilionao leo ni wa kuazima.

Nianze na habari ndogo ndogo, kama ulivyopenda. Kiti chako kipo palepale. Wateja wanakikwepa, wanabanana kwenye benchi hata wakiwa wanne. Redio yako imeishiwa betri na sijanunua nyingine. Kazi zipo, sare za harusi hasa, na yale mapindo uliyokuwa ukinishonea kwa mkono sasa nayashona mwenyewe, yanatoka ovyo. Mteja mmoja wa Usagara alinirudishia gauni, akasema pindo la safari hii si la yule mzee. Nililifumua, nikalia, nikalishona tena.

Sasa ndoo.

Nimeizunguka habari hii tangu tukuzike. Nikiianza naikatisha, nasema nitaimaliza kesho. Leo sitaikatisha.

Ulikuwa na mishipi miwili ya kuvulia. Mmoja wa kazi, umeuviringisha kwenye kipande cha mti, na mmoja wa akiba, ndani ya ndoo kuukuu ya rangi, umezama majini, mfuniko juu. Ulipohamia kwangu Mkolani baada ya Mama kufariki, ulikuja na begi moja na ndoo hiyo, na ndoo ndiyo uliyoipakata njia nzima. Ukaiweka nyuma ya mlango wa chumba changu cha kushonea, kwa kuwa hapo ndipo penye kivuli kuliko kwingine kote. Ulisema nailoni ya dukani inakuja imejikunja, ukiitupa ziwani inajisokota, na fundo lake halikai. Ukiiloweka inalainika, inalala mkononi, inafunga. “Mshipi ni wa majini,” ulikuwa ukisema. “Kwa nini uuzoeze nchi kavu?”

Mimi nilikuwa nacheka. Mimi ni fundi cherehani, Baba, na kama kuna kitu nilidhani nakijua duniani ni uzi. Nimeona uzi wa pamba ukipata unyevu. Unaota ukungu, unatia nguo madoa, ukiuvuta unaachia kama mkate uliochovywa kwenye chai. Uzi ni uzi, nikasema. Nailoni au pamba, maji ni adui. Nilikuambia hivyo mbele ya wateja, “Baba, huo unauozesha,” nao wakacheka, na wewe ukacheka nao. Ilikuwa starehe yetu ya kila wiki. Wewe unaongeza maji kikombe kimoja cha chai, mimi nakuuliza kama supu imeiva.

Kiangazi cha mwaka jana shangazi alivunjika nyonga kule Sengerema, ukaenda kumsaidia. Siku ya kuondoka ulikuwa umeshavaa koti, ukarudi ndani, ukafunua mfuniko, ukatazama. “Kabula, niangalizie hii. Maji yakipungua, ongeza kikombe. Usiitoe juani.” Nikasema, “Sawa Baba.” Maneno mawili tu. Nimeyarudia moyoni kuliko sala yoyote.

Wiki ya tatu niliipiga teke. Nilikuwa na vitenge vya harusi, vya bluu, vimeshakatwa, nimevitandika mkekani, na kwa haraka zangu mguu ukaikuta ndoo. Maji yenye shombo ya ziwa yakaenda yote kwenye vitenge vya watu. Hapo nilisema maneno ambayo sitayaandika. Nikaibeba ndoo hadi uani, nikamwaga maji yaliyobaki, nikautoa mshipi wako.

Nilijiambia nakusaidia. Uongo. Nilikuwa na hasira, na zaidi ya hasira nilitaka kushinda. Nilitaka urudi ukute mshipi mkavu, mzima, hauna hata doa, ukiri mbele ya wateja walewale kwamba binti yako anaujua uzi kuliko wewe. Nikautandaza juu ya bati la banda la kuku, nikaubana kwa vibanio vya nguo usipeperuke, nikarudi kwenye vitenge vyangu. Jua la kiangazi la huku unalijua, na bati lile mchana hata kuku hawalikanyagi. Mshipi wako ulikaa hapo miezi mitatu. Mama alinipa jina la Kabula kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, na mtoto huyo wa mvua ndiye aliyekukaushia mshipi.

Ulipopiga simu kwamba kesho unapanda kivuko, ndipo nikaukumbuka. Nikaushusha. Ulikuwa umepauka, una rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, na unakwaruza vidole. Ningekuambia tu, Baba. Ungeniita kichwa kigumu, ungenuna mpaka chakula kiive, tungekula, yangeisha. Badala yake niliuviringa haraka haraka, nikautia ndani ya ndoo, nikajaza maji mapya, nikafunika, nikairudisha nyuma ya mlango. Ulipofika hukuvua hata koti. Ulifunua mfuniko, ukachovya kidole, ukasema, “Umeitunza.”

Nami nikakujibu, “Si uliniagiza?”

Baba, nimeandika sentensi hiyo na mkono umesimama. Ngoja.

Wiki iliyofuata mshipi wako wa kazi ulikatwa na mawe, ukafungua ndoo. Asubuhi ile mlipotoka na baba mdogo Bwire, mwenzako wa mtumbwi mmoja tangu sijazaliwa, mimi nilikuja mwaloni kununua sato. Niliwaona mkirudi mapema kuliko kawaida. Wewe ndiye uliyekuwa unapiga kasia peke yako, na baba mdogo ameushika mkono wake kama ameshika mtoto. Mlimpata sangara mkubwa, mkamchosha, mkamleta hadi ubavuni mwa mtumbwi. Baba mdogo akauzungushia mshipi mkononi, akaegemea nyuma kwa nguvu zake zote, mshipi ukakatika. Akaangukia bega kwenye ubao wa mtumbwi, na bega likavunjika.

Watu walijaa. Mmoja akaokota kipande cha mshipi, akakivuta, kikakatika mikononi mwake bila shida. Akauliza huu ni mshipi gani. Macho yalikuwa yanatafuta pa kutua, nikayaona yanakuja upande wangu, au niliogopa tu kwamba yanakuja. Nikapaza sauti. “Nimemwambia Baba miaka yote, uzi ukilowekwa unaoza! Hasikii!”

Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Ulinitazama mara moja, kisha ukainama kumfunga baba mdogo bega kwa shati lako. Nilidhani umekubali kosa.

Jioni, jua likiwa bado lipo, nilikuwa uani nikianua nguo. Ulikuja taratibu, ukatoa mfukoni kibanio kimoja cha kijani. “Shika kibanio chako.” Nikasema, “Asante Baba.” Nikakibana kwenye kamba pamoja na vingine. Nilijiambia umekiokota hapo uani. Nilijiambia hivyo siku hiyo, na kesho yake, na mpaka majuzi, ingawa kibanio kilikuwa kimelowa na uani kwetu hakukuwa na hata tone la maji.

Unakumbuka yaliyofuata, ila niyataje, kwa sababu wakati ule nilijifanya siyaoni. Mwaloni kitu chochote kibovu kikaitwa kwa jina lako, ndoo ya Mzee Magesa. Kasia likipasuka, ndoo ya Mzee Magesa. Bia ikiwa ya moto, ndoo ya Mzee Magesa. Watoto wa baba mdogo walimkataza kupanda mtumbwi na wewe. Miaka yote ile mliyovua wawili, ikaishia hapo. Wewe ukaimwaga ndoo mwenyewe, mchana kweupe, majirani wakiona, ukaisugua kwa sabuni, ukanipa. “Tilia vipande vyako vya vitambaa. Mimi nimejifunza.” Nikaipokea. Nikaijaza vipande vya vitambaa. Mtu mzima mimi, nina watoto, nikaipokea.

Kuanzia siku hiyo ulikaa kwenye kiti cha kamba ukishona mapindo. Vidole vilivyozoea ndoano havikushindwa na sindano. Wanawake walikusifu, ukatabasamu, ila nilikuona unavyogeuza uso kila harufu ya ziwa ilipopanda na upepo. Masika ulituacha. Ulikuwa hapo hapo kitini, pindo likiwa nusu, sindano imechomekwa vizuri pembeni kama mtu aliyetoka kidogo tu. Walisema ni presha. Nami nilikubali, lakini ndani yangu kuna sauti inayosema mtu aliyetolewa ziwani hafi kwa presha peke yake. Sijui. Labda najipa ukubwa nisiostahili.

Sasa sikiliza jambo ambalo hukulisikia, au ulilisikia ukiwa ndani ya jeneza. Wasifu wako niliuandika mimi, kwa kuwa ndugu walisema Kabula ana mwandiko na anajua kupanga maneno. Nikaandika ulikozaliwa, ndoa yako, watoto wako, kwaya uliyoimba ukiwa kijana. Halafu nikaandika kwamba marehemu aliacha uvuvi baada ya mshipi wake kuharibika kwa kulowekwa majini muda mrefu. Nikausoma kwenye kipaza sauti, wewe ukiwa mbele yangu. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani cha kumkumbuka mtu kwa upendo. Baba mdogo Bwire hakucheka. Mimi nilikunja karatasi na kurudi kukaa, na wanawake wakanishika mkono, wakaniambia nimesoma vizuri.

Nimekufanyia hivyo, Baba. Hai nilikusingizia, na maiti nikakusingizia.

Baada ya mazishi nilifungua begi lako ili nigawe nguo. Lilikuwa limefungwa kwa kipande cha nailoni ya zamani, ya ndoo ile ile, iliyolowekwa miaka kabla hujahamia kwangu. Niliivuta, haikukatika. Niliizungusha mkononi nikavuta kwa nguvu, ikanichubua ngozi, haikukatika. Ilibidi nichukue mkasi. Ndani ya begi, kwenye gazeti, kulikuwa na mabaki ya ule mshipi wa bati. Nikauvuta kwa vidole viwili. Ukakatika.

Nilikaa chini na shati lako mapajani, na hapo ndipo kiburi changu cha fundi kilipoanza kuniuma.

Hata hivyo sikukubali haraka, unanijua. Nilinunua mshipi mpya, nusu nikaiweka kabatini mkavu, nusu nikailoweka kwenye sufuria lenye mfuniko mwezi mzima. Kisha nikafunga vipande kwenye boriti ya banda la kuku, kimoja kimoja, nikaning'iniza dumu la maji, na dumu la pili chini yake, nikaendelea kuongeza mawe. Majirani walidhani nimechanganyikiwa. Wa bati ulikatika na dumu la kwanza, hata sijaliachia vizuri. Mkavu ulibeba madumu mawili na mawe. Uliolowa nao ulibeba madumu mawili, ukakatika kwa mawe machache pungufu. Nikauchukua mwingine uliolowa, nikauacha kivulini wiki moja ukauke, nikaupima. Ukabeba sawasawa na mkavu.

Kwa hiyo ni hivi, Baba. Maji yanaulegeza kidogo ukiwa umelowa, na ukikauka nguvu zake zinarudi. Hapo kwenye kulegea kidogo ningeweza kukubishia. Nimekwisha kusikia jibu lako. “Kwani wewe huko ziwani unavua na mshipi mkavu?” Lililouua mshipi wako ni jua. Ni bati. Ni mimi.

Jumapili iliyopita nilimfuata baba mdogo nyumbani kwake. Nilimwambia yote, tangu teke mpaka maji mapya. Alinisikiliza huku anasugua lile bega, ambalo lilipona vibaya na siku za mvua linamsumbua. Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Aliliachia bega. Kisha akasema, “Haya umeniambia mimi, sebuleni. Yale ya kwanza ulisemea wapi?”

Ndiyo maana leo nilikwenda mwaloni.

Nilifika mitumbwi imeshaingia, watu wapo mzanini, wanawake wanaanika dagaa. Nilisimama palepale niliposimama siku ile. Sauti ile ile iliyokuwa kubwa wakati wa uongo, Baba, ilitoka nyembamba. Nikasema mimi ni Kabula wa Mzee Magesa. Nikasema mshipi uliomvunja Bwire haukuharibiwa na ndoo, niliuanika mimi juani miezi mitatu, nikaurudisha kwenye maji ili baba yangu asijue, na siku ile hapa nilimsingizia. Nikasema wasifu niliousoma kaburini una uongo. Hakuna aliyecheka. Ningetamani wacheke.

Mama mmoja mwenye dagaa, hata simjui jina, aliinua kichwa akaniuliza, “Na mzee mwenyewe alijua?”

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nilifungua pochi. Kile kibanio cha kijani ninacho, nilikitoa kwenye kamba siku niliyofungua begi lako, natembea nacho. Nikakiinua wakione. Nikasema alikikuta ndani ya mshipi, kimeng'ang'ania humo, alikikuta huko huko ziwani, mwenzake amevunjika bega, na alipofika nchi kavu binti yake akamsema mbele za watu, na kibanio kilikuwa mfukoni mwake. Angekitoa tu. Alikileta nyumbani jioni, akanirudishia.

“Alijua,” nikasema.

Ndiyo mara ya kwanza nimelitamka neno hilo. Ulijua, Baba. Ulisimama pale ukijua, ukachagua watu wakucheke wewe kuliko wanicheke mimi, na baadaye ukanipa na ndoo. Uliacha ziwa kwa ajili ya heshima yangu, na mimi heshima hiyo nikaitumia kukusomea wasifu wa uongo. Sijui utaniitaje. Ukiniita kichwa kigumu utakuwa umenionea huruma.

Yule mama alishika mdomo. Mzee mmoja mzanini alisema, “Magesa yule...” akaishia hapo. Wote wakageuka kumtazama baba mdogo Bwire. Yeye alikuwa anatazama maji. Sikuombi uamini kwamba amenisamehe, kwa sababu hakusema hivyo. Niliposhika njia ya kupanda, ndipo aliponiita. Alikuwa ameshika mshipi mpya, bado uko kwenye kigurudumu cha dukani. “Huu unajikunja kunjakunja tu,” akasema. “Ile ndoo bado unayo?”

Ninayo. Nimetoa vipande vyote vya vitambaa, vimejaa kitandani. Nimeisugua. Nimeijaza maji, nimeutia mshipi wa mwenzako, nimeifunika, nimeiweka nyuma ya mlango, kwenye kivuli chako.

Mwezi ujao tunaweka msalaba kaburini na watu watakuja. Wasifu utasomwa upya, nimeshauandika. Ile sentensi nimeifuta. Mahali pake nimeandika kwamba marehemu alikuwa mvuvi aliyejua kutunza mshipi na kutunza mtu, na aliyeuharibu mshipi wake ni binti yake Kabula. Nitaisoma mwenyewe, kwenye kipaza sauti kile kile, na sitaishusha sauti nikifika hapo.

Lala, Baba. Msalimie Mama, ila haya usimwambie, nitamwambia mwenyewe siku nikifika.

Maji yakipungua, nitaongeza kikombe.

Mwanao,
Kabula